Vitabu Vibaya vya Tata Mbusa

Ninyi vijana mnaokuja kunisalimia siku ya Yenga, Jumapili, baada ya misa, nawaona. Mnakaa kwenye viti vyangu, mnakunywa kahawa yangu, mnasema, "Koko, habari ya afya?" kama wajukuu wema, na kabla sijafungua mdomo macho yenu yamekwisha kurudi kwenye telefone. Juzi mmoja wenu alichomoa kitabu katika rafu yangu, akakipima kwa mkono kama mtu anayenunua nyama, akaniuliza kama naweza kumwambia kilichomo kwa kifupi, maana hana wakati. Nilimwambia: kinaanza, kinaendelea, kinakwisha. Akacheka. Hakujua kwamba nimemtukana, na hiyo ndiyo shida yenu ya kwanza: hata tusi hamwezi kulisoma.

Basi, kwa kuwa mnanisumbua niwaeleze kazi niliyofanya, nitaieleza, na hamtapewa kifupi. Niliuza vitabu vya okazio hapa Butembo. Vitabu ambavyo watu wamekwisha kuvisoma, au wamekataa kuvisoma, nilivipanga juu ya shiti la plastiki chini ya ukuta wa soko, tangu binti yangu Kanyere akiwa mgongoni mwangu hadi alipoolewa kule Beni na hata baadaye, mpaka magoti yaliposema basi. Nitaandika Kiswahili cha shule, kile masista walichonipa kule Lubero. Watu wengine nitawaacha waseme kama walivyosema, maana mdomo wa mtu si wangu kuutengeneza. Anayeona hakipendezi, aandike chake.

Mnafikiri muuza vitabu ni mtu anayependa vitabu. Anayependa vitabu anakufa njaa akiwa navyo mkononi. Kazi ya okazio ni kazi ya dharau, na aliyenifundisha ni Tata Paluku, mzee mrefu mwenye koti la mvua ambalo hakulivua hata jua likichoma. Aliuza chini ya ukuta uleule miaka mingi kabla yangu. Kanuni yake ya kwanza ilikuwa hii: kitabu unachokitaka, kitukane. Ukifika kwa mtu anayeuza vitabu vya marehemu baba yake, usikiguse kile ulichokiona. Shika kitabu jirani yake. Msifu jirani kidogo, umrudishe mahali pake, halafu ulizia kile unachokitaka, ukikiita takataka la pembeni, huku umekunja pua, kana kwamba unataka tu kumsaidia mwenye nyumba kusafisha chumba.

Alinifundisha mengine ambayo hamtayapata kwenye telefone. Kishike kitabu kwa mgongo, kitikise taratibu karibu na sikio. Kikilia, uzi umekatika. Kinuse. Butembo ni mji wa ukungu, na ukungu unaingia hadi ndani ya sanduku lililofungwa. Kitabu kilichokunywa ukungu kinanuka kama kitambaa cha kupangusia sahani, lakini kinaweza kupona. Ninyi mngekianika juani kama shuka, kikunjamane. Kisimamishe ndani ya nyumba yenye moto, kurasa zimeachana, mbali na moshi, na uwe na subira. Kile chenye mistari ya udongo pembeni, kiache hapohapo ulipokikuta. Mchwa wamo ndani, na ukikipeleka nyumbani umepeleka familia nzima ambayo haitaaga jioni.

Gundi tulipika wenyewe kwa bunga, unga wa muhogo. Mende wanaipenda gundi hiyo kuliko ninyi mnavyopenda mikate yangu, kwa hiyo Tata Paluku alitia pilipili ndani ya sufuria. Vitabu vyetu viliwapigisha watu chafya. Wateja walifikiri ni elimu inawaingia puani, wakanunua.

Mimi dharau niliijua haraka mno. Siku moja kule Kasugho, pembeni ya pori, nilimkuta mama mmoja ana kitabu kikubwa cha miti, jalada gumu, picha za rangi, kila jani limechorwa na mishipa yake. Moyo ulinipiga. Nikakitukana kama nilivyofundishwa. Nikasema ni kizito bure, karatasi yake haifai hata kuwashia moto, na anayekiweka nyumbani anawafugia panya kitanda. Kisha nikajifanya naondoka. Nilipogeuka ili aniite, mama yule alikuwa ameinama anakisukumiza chini ya mguu wa meza yake iliyokuwa ikiyumba. Akanishukuru kwa upole. Alisema siku zote alidhani ni kitu cha maana, akaogopa kukitumia. Nilimsihi aniuzie, nikataja bei, nikapandisha, akakataa. Meza ilikuwa imekwisha kupona. Tata Paluku alipolisikia jambo hilo alicheka hadi akakaa chini na koti lake, akaniambia kwamba dharau ni chumvi, mpishi hamwagi kopo lote.

Hiyo ni dharau ya kazi. Kuna na dharau ya kweli, ambayo hulipwi kwa kuwa nayo. Hiyo nilimwekea shemeji yangu Kasereka, ndugu ya marehemu mume wangu, mwenye duka la mabati. Alipojenga salon mpya, sebule ya kupokelea wageni, alikuja kwangu na kamba. Nilidhani anataka kufunga mzigo. Kumbe kamba ilikuwa na urefu wa kabati lake la vioo, na alitaka vitabu vya kulijaza, vyekundu, vyenye maandishi ya dhahabu mgongoni. Nikampa. Katikati, mahali pa heshima, aliweka vitabu vya vipuri vya trakta, vya Kijerumani, vimefanana kama mapacha. Kisha akafunga kabati kwa ufunguo, na ufunguo akauweka mfukoni. Tukienda kumtembelea tunakaa mbele ya vioo vile kama watu waliokwenda kumwona mfungwa. Watoto wake wamekua, wameoa, na hakuna hata mmoja anayejua kama kurasa zile zina herufi.

Lakini nisiwadanganye kwamba nilikuwa nakunja pua tu. Nilikuwa na raha yangu, na raha hiyo ilikuwa Beni. Kila nilipoweza nilikwenda kumtembelea Kanyere. Napanda gari na gunia la birayi, viazi vya kwetu, na maharagi ya baridi yetu, nashuka kule kwenye joto, na kabla sijafika kwake nimekwisha kupita pembe zangu zote za kuwindia vitabu. Kulikuwa na mshonaji aliyekalia rundo la majarida ili afikie cherehani. Kulikuwa na muuza makaa aliyefungia mafungu yake kwa kurasa za hesabu. Kulikuwa na fundi wa viatu aliyekandamizia soli kwa vitabu vizito mpaka gundi ikauke. Huyo nilimpenda kuliko wote, maana alinunua vitabu kwa uzito, bila kubagua, na chini ya soli za watu wa Beni nimekuta vitu ambavyo shemeji yangu Kasereka hatavipata kwa kamba ya kuzunguka mji. Ninyi mnabonyeza kidole, kitu kinakuja. Hamjui utamu wa kuchimba asubuhi nzima katika takataka, mikono myeusi, ukaona pembe ya jalada, ukaigeuza shingo yako upande mwingine ili mwenye mali asione uso wako.

Ndipo nafika kwa Kanyere, jasho linanitoka, gunia limekuwa mawili. Binti yangu alikuwa ananiuliza kila mara kama nimekuja kumtembelea yeye au kutembelea takataka za Beni. Namwambia vyote viwili, na yeye ana bahati, kwake nalala.

Sasa wekeni telefone chini, maana hapa ndipo kazi yangu iliponishinda.

Ni wakati ule watu wa upande wa Oicha walipokuwa wanakimbia vijiji kwa kuogopa wauaji. Wakwe wa Kanyere, Tata Mbusa na mke wake Mama Biira, walikuwa na shamba la kakao mbele ya Oicha, karibu na pori. Waliliacha, kakao ikiwa imeiva juu ya miti. Walifika kwa Kanyere na nguo walizovaa, godoro moja na sufuria, na nyumba ya binti yangu, ambayo ilikuwa ya watu wanne, ikawa ya watu ambao hata yeye hakuwahesabu. Nilipopata habari nilifunga gunia, nikapanda gari.

Tata Mbusa nilimjua tangu siku ya mahari. Alikuwa mtu wa kelele. Alibishana na wajomba zetu hadi juu ya rangi ya mbuzi. Safari hii nilimkuta amekaa kwenye kigoda, mgongo ukutani, mikono juu ya magoti, na nilipomsalimia aliniangalia kama unavyoangalia gari linalopita. Kanyere alinivuta pembeni, akaniambia kwamba tangu wafike hajasema neno. Anakula kama mtu akimwekea kijiko mkononi, akisahauliwa, hali. Walimpeleka kwa mganga wa kituo cha afya, akapimwa, ikaonekana mwili hauna kitu. Wanakwaya walikuja kumwombea, akawaangalia vilevile. Alikuwa amekonda hadi kola ya shati ilikuwa inamzunguka peke yake.

Nami nikafungua gunia langu, na vitabu vikatangulia kutoka. Mama Biira alikuwa anapepeta mchele. Aliacha ungo, akaniangalia.

"Mama Kanyere," alisema, "batu beko nalala chini, na weye unatuletea makaratasi?"

Nilimjibu kwamba birayi iko chini ya gunia, afunge mdomo hadi iive. Hatukupendana, mimi na yeye. Nimekutana na wenye dharau wengi katika kazi yangu, lakini yule mama ndiye peke yake aliyenishinda. Aliniuliza kama kuna kitabu kilichowahi kupalilia. Aliuliza kama wale waliowakimbiza kule Oicha walikuwa wanaogopa makaratasi. Nami nikibanwa huwa nazidi kujivuna. Nikamwambia mbele ya Kanyere kwamba kila mtu ana kitabu chake duniani, na kazi yangu ni kukijua, na kwamba mume wake atasema kabla sijarudi Butembo.

Nilijaribu. Nilimpa kitabu cha sala chenye herufi kubwa, kikakaa juu ya magoti yake hadi mtoto mmoja akakichukua. Nilimpa cha wanyama, chenye picha nzuri, tembo anaoga mtoni. Kikateleza, kikaanguka, hakuinama. Nilimsomea hadithi ya kuchekesha, nikacheka peke yangu uwanja mzima kama kichaa. Vyote vilikuwa vitabu vizuri, nilivyovichagua kwa pua niliyoinoa tangu ujana. Kila siku Mama Biira alipita na ndoo yake ya maji, akivihesabu kwa macho vitabu vilivyonishinda.

Chini ya gunia kulikuwa na kitabu kingine, ambacho hata sikutaka watu wakione. Siku hizi vitabu havitoki tena kwa mapadri na walimu waliostaafu. Vinapita mpakani Kasindi katika mabalo, yale marobota ya mitumba, vimefungwa pamoja na viatu vya zamani, na unanunua balo bila kuona tumbo lake. Ndivyo nilivyokipata kile. Kilikuwa cha kulima kakao, kipana, chembamba, karatasi inang'aa. Kwenye jalada mwandishi mwenyewe amesimama chini ya mti na shati jeupe lililopigwa pasi, ameshika panga kama mtu anayeshika kijiko cha supu. Nilikuwa nimesoma kurasa chache ndani ya gari, nikaona haya kwa niaba yake.

Mama Biira ndiye aliyekigundua. Hakukisoma, alikiona ni kipana na chepesi, akakichukua kupepea makaa. Nilimwacha. Kwa mara ya kwanza tulikubaliana juu ya matumizi ya kitabu. Moto uliposhika alikumbuka chumvi, akakitupa chini karibu na kigoda cha mume wake, akaingia ndani.

Mimi nilikuwa namenya birayi. Nilimwona Tata Mbusa anaangalia chini. Nilidhani anaangalia miguu yake kama kawaida. Kisha akainama. Akakiokota kile kitabu, akakipangusa majivu kwa kiganja, akakiweka mbali na macho kama wazee wanavyofanya, akamwangalia yule mtu wa shati jeupe kwa muda mrefu.

"Huyu hapana mulimaji," alisema.

Sauti ilikuwa imekauka, kama mlango wa nyumba iliyofungwa. Kisu changu kilisimama katikati ya kirayi. Mama Biira alikuwa mlangoni na chumvi kwenye kiganja, na hakusogea.

"Angalia mukono yake," akaendelea, wala hakuwa anasema na sisi, alikuwa anasema na yule wa jaladani. "Panga hapana kuishika vile. Ukikata vile, unaumiza muti pale ua inatokeaka. Mwaka unaokuya, hapana kitu."

Akafungua ndani. Alisoma shule ya misheni zamani, Kifaransa chake kilikuwa cha polepole, lakini picha zilimtosha. Alikuta mahali panaposema mbegu zianikwe tu mara zikitoka kwenye ganda. Akaguna. Alimweleza mwandishi kwamba kakao si maharagi, inafunikwa kwanza kwa majani ya ndizi, ilale, ipate moto, itoe jasho, na kwamba ile ya kwake atakula yeye na mama yake. Ukurasa baada ya ukurasa alimgombeza yule mtu. Chakula kilipoiva tulimwekea sahani mbele yake, na alikula yote bila kuangalia kijiko, maana mkono mwingine ulikuwa unamwonyesha mwandishi makosa yake.

Mama Biira alinifuata jikoni. Alisimama anapanga sahani zilizokwisha kupangwa. Nilijifanya nasugua sufuria. Alipogeuka uso ulikuwa umepanguswa.

"Mama Kanyere," alisema polepole, "uko na ingine mubaya?"

Ninyi mnaosema kitabu kibaya hakina kazi, nendeni mkakitafute basi. Mimi nilirudi Butembo kutafuta vitabu vibaya, na nawaambia hakuna mawindo magumu kama hayo. Pua yangu yote ilikuwa imefundishwa upande mwingine. Nilipita kwa wenzangu wa soko naulizia kitabu cha kilimo kilichoandikwa na mtu asiyewahi kulima, wakaniangalia kwa huruma, wakafikiri umri umeniingia kichwani. Na kanuni ya Tata Paluku ilinivuruga. Kitabu kibaya ninachokitaka, nikitukane au nikisifu? Cha kwanza nilikisifu, nikifikiri nimekuwa mwerevu, na muuzaji akapandisha bei palepale. Kitabu ambacho alikuwa anafungia sabuni.

Lakini nilivipata. Nilipata cha kufuga mbuzi, ambamo mbuzi wote ni safi kama bibi harusi. Nilipata cha kupanda maharagi kilichotoka nchi za baridi kali, kinachosema usipande kabla barafu haijayeyuka. Hicho Tata Mbusa alikipenda sana. Alikuwa anaita majirani awasomee. Kila nilipoenda Beni nilimletea kimoja, na kila mara Mama Biira alinipokea gunia mlangoni, anatia mkono ndani mwenyewe, anauliza kwanza kama ni kibaya kweli. Nikimwambia ni kibaya sana, ananiletea kiti.

Tata Mbusa alipata shingo tena. Kwanza alisema juu ya mapanga na majani ya ndizi tu. Kisha, katika kumgombeza mtu wa maharagi, akasema shamba lake lilikuwa na mteremko, na maji yalipita wapi. Kisha akamtaja jirani yake waliyekuwa wanaanika naye kakao kwenye shiti moja, na jinsi walivyogombana kila msimu juu ya nani amekanyaga. Jirani huyo hakufika Beni. Sisi tulijua, lakini hatukuwa tumemsikia yeye akimtaja.

Na siku moja alikuwa anakitukana kile cha mbuzi. Kulikuwa na mchoro wa zizi, kamba na kigingi, jinsi ya kufunga fundo. Alisema fundo lile litamnyonga mnyama. Akaonyesha kwa vidole fundo la kweli, akalifungua, akabaki ameshika hewa.

"Mbuzi yetu tuliifungua kamba," alisema. "Tulisema iende."

Mama Biira aliinuka, akaingia ndani. Tata Mbusa alifungua ukurasa mwingine, akaendelea kugombeza, taratibu.

Ndipo fundi wangu wa viatu aliponiletea tatizo. Chini ya buti la askari nilikuta kitabu kidogo, hakina jalada, kurasa za kwanza zimeng'oka, kwa hiyo hakina hata jina la aliyekiandika. Nilikifungua nikaona mti wa kakao umechorwa kwa kalamu, na mkono umeshika panga. Huo mkono ulikuwa umelishika vizuri. Nikasoma nimesimama, kwenye vumbi, pikipiki zinanipitia kisigino. Mwandishi hakuwa anaeleza kakao. Alikuwa anaeleza mti mmoja, kisha wa pili wake, upi unazaa mapema, upi umeegemea, upi ndege wanaupenda, chini ya upi kuna siafu. Nilikitukana kwa fundi, maana kazi ni kazi, nikaondoka nacho ndani ya kitenge.

Mama Biira alitia mkono kwenye gunia, akakitoa, akaniuliza kama ni kibaya. Nikamwambia hapana.

"Basi hapana kumupa," alisema. "Akisoma muzuri, atanyamaza tena. Miye niliishi na ule mutu mwenye kunyamaza, weye ulikuwa Butembo."

Alikuwa na haki, na nilijua. Nilikirudisha chini ya gunia. Tulikula. Nikamwangalia Tata Mbusa anangoja kitabu chake kibaya kama mtoto anayengoja muwa, nikaona kwamba tumemfanya mchezo wetu, kwamba tunamlisha wapumbavu ili tusikie sauti yake. Nikakitoa, nikampa mkononi. Mama Biira aliniangalia kama unavyomwangalia mtu aliyekuibia sokoni ukiwa huna wa kumwitia.

Tata Mbusa aliliza vidole vyake kwanza, tayari kwa vita. Alisoma ukurasa wa kwanza, hakusema kitu. Akasoma wa pili. Kidole chake kilikuwa kinakwenda chini ya mistari, kinasimama, kinarudi. Kivuli cha nyumba kilihama kutoka ukuta mmoja hadi mwingine. Kanyere alimletea chai, ikapoa. Watoto walipita na mpira, wakaona nyuso zetu, wakaenda kucheza barabarani. Mama Biira alichukua mchi, akaanza kutwanga sombe, majani ya muhogo ambayo hayakuwa na haraka yoyote.

Mwishowe Tata Mbusa alikifunga kitabu. Akakiweka juu ya goti, mkono juu yake.

"Huyu alilima," alisema.

Mchi ulisimama. Nilitaka kumshukuru Mungu, lakini alikuwa hajamaliza.

"Na aliandika wakati hawezi tena kufika ku shamba."

Nilimwuliza anajuaje, kitabu hakina hata jina la mtu. Aliniangalia kwa ile dharau yake nzuri ambayo ilikuwa imetugharimu vitabu vibaya vingi kuirudisha.

"Mutu akiwa na shamba yake, hapana kuhesabu muti moya moya," alisema. "Anaenda tu, anaiona."

Akaninyooshea kitabu. Alisema macho yake yamechoka, nimsomee. Basi nilikaa kwenye kigoda cha kumenyea birayi, nikaanza pale mwanzo ulipobaki, nikisoma Kifaransa na kukigeuza Kiswahili palepale, mti wa kwanza, mti wa pili, ule ulioegemea. Mama Biira aliacha mchi ndani ya kinu, akaja akakaa upande wa pili wa mume wake, akaweka mikono yake yenye majani juu ya mapaja. Kila mwisho wa ukurasa nilinyamaza kidogo, nikingoja Tata Mbusa anikatize, aseme hapana, si hivyo. Hakunikatiza.